Wageni wa Ng'ambo

Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi, nyinyi vijana mliobaki pale kwenye tembe, na mkaniomba nisiwe mkali. Ombi la kwanza nimelikubali. Habari za vyeo sitaziandika, kwa sababu nilipandishwa mara chache na hizo chache hazikunifundisha kitu. Nitaandika habari za mikeka, sufuria na geti. Huko ndiko kazi yetu ilikokuwa, na huko ndiko ilikoharibiwa.

Kama karatasi hizi zitamfikia mtu asiyetujua, basi ajue kwamba tembe letu ni nyumba ya udongo yenye paa bapa, kuta nene na ua katikati, iliyojengwa zama za misafara nje kidogo ya mji wa Tabora. Mwenyewe alikuwa tajiri wa pembe za ndovu na wa watu. Wapagazi walitua mizigo yao hapo, na wale waliofungwa minyororo walifungiwa hapo kabla ya kusukumwa tena njiani kuelekea pwani. Siku hizi ni nyumba ya kumbukumbu. Kutoka Chemchem ninakoishi unafika kwa baiskeli kabla jasho halijakutoka sawasawa.

Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vipya na kichwa kilichojaa majina ya wapelelezi wa Kizungu, kama tulivyokaririshwa kwenye mafunzo. Aliyenipokea alikuwa Mzee Yohana, mtunzaji wa nyumba, Mmoraviani mwenyeji wa Sikonge aliyehamia mjini zamani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akaniuliza kama najua kufagia. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba mimi nimeajiriwa kuwa mwongoza wageni.

"Ndiyo, nimesikia," akasema. "Sasa hao wageni utawakaribisha kwenye vumbi?"

Akanipa ufagio. Nilikasirika mpaka mchana, lakini kazi nilijifunza. Ua unafagiwa mapema, umande ukiwa bado upo, la sivyo vumbi lote linahamia kwenye kuta. Mikeka inakung'utwa kabla ya kutandikwa, kwa sababu nge wanapenda kulala humo. Mtungi wa maji unakaa upande wa kivuli cha alasiri. Choo kinatangulia mambo yote, maana mtu aliyebanwa na haja hasikilizi habari ya msafara wowote. Na soda zikifunguliwa, mfuniko urudi upesi, kwani nyuki wa misitu yetu hawana adabu mbele ya kitu kitamu.

Tatizo ni kwamba mikeka ilitandikwa na watu hawakuja. Nasema watu, sisemi Wazungu. Wazungu walikuja mmoja mmoja, wakapiga picha za mlango wa nakshi, wakauliza kama kuna nyoka, wakaondoka. Watu wa Tabora walipita barabarani na baiskeli zao, wamefunga madumu ya asali na magunia ya karanga, hata shingo hawakugeuza. Kibao kilikuwa kimeandikwa kwa herufi kubwa: KARIBUNI WATALII. Siku moja nilimsimamisha mwanamume mmoja aliyekuwa na mkewe na watoto wawili, nikamwambia aingie apumzike.

"Hapana, dada," akanijibu bila ubaya wowote. "Sisi siyo watalii, sisi ni watu."

Nilicheka, kisha nikaudhika, na mpaka leo sijaacha kuudhika. Nani alitufundisha kwamba kustarehe na watoto wako siku ya Jumamosi ni kazi ya mtu aliyeshuka kwenye ndege? Lakini pia nilielewa kitu. Kwetu mtu akitoka na familia anakwenda kwa fulani. Anakwenda kwa shangazi, anakwenda harusini, anakwenda kumjulia hali mgonjwa. Hafungi safari na watoto kwenda mahali pasipo na mwenyeji wa kumwambia karibu. Na akifika kwa mwenyeji, hafiki mikono mitupu.

Ndiyo maana siwezi kuisahau ile Idi pili. Ilikuja familia kutoka Ng'ambo, ile kata yetu ya mjini. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, kituo chake Kaliua, nyumbani anaonekana mwisho wa wiki tu. Mama alikuwa fundi cherehani. Mtoto wao wa kwanza anaitwa Siwema, kwa hiyo hapa nitawaita Baba Siwema na Mama Siwema. Mama alikuwa na sufuria ya pilau kichwani, imefungwa kwa kanga. Baba alikuwa amemshika kuku jike aliyefungwa miguu. Wakasimama mlangoni.

"Hodi! Mwenye nyumba yupo?"

Mimi, na mafunzo yangu, nilikuwa nimeshafungua mdomo kuwaeleza kwamba mwenye nyumba alikufa kabla babu zetu hawajazaliwa. Mzee Yohana akanipita huku anafuta mikono kwenye suruali.

"Yupo," akasema. "Karibuni ndani." Kisha akawapa salamu ya kwetu: "Mwangaluka."

Akampokea yule kuku kwa mikono miwili, akashukuru kama mtu aliyekuwa akimsubiri tangu asubuhi. Kisha akamrudishia Baba Siwema amchinje mwenyewe, kwa kuwa wageni ni Waislamu na yeye ni Mkristo, ili wote tule bila mashaka. Moto ukawashwa mafigani nyuma ya ukuta. Watoto walikimbizana uani. Tulikuwa na mzigo wa mfano wa mpagazi, gunia lililoshonwa na kujazwa mchanga, uzito uleule waliobeba wale watu kutoka hapa mpaka baharini. Baba Siwema alijaribu kuuinua begani, akayumba, mkewe akacheka mpaka akakaa chini.

"Na reli yote hiyo unayoifunga wewe," akamwambia, "mzigo mmoja tu unakushinda?"

Chakula kilipoisha ndipo Mzee Yohana alipoanza kueleza habari za nyumba, na hakuna mtoto aliyesinzia. Tangu siku hiyo nami nikawa hivyo: kula kwanza, kuelezwa baadaye. Habari zikaenea Ng'ambo, zikaja Chemchem, zikafika kwa Wakatoliki na Wamoraviani, ambao walikuja Jumapili baada ya ibada na michembe yao ya viazi vikavu na karanga. Hakuna aliyesema anakwenda kutalii. Walisema, "Jumamosi tunakwenda kwa Mwenye Nyumba." Kiingilio cha mwenyeji kilikuwa kidogo, usafiri ni baiskeli au miguu, chakula umekipika mwenyewe. Kwa fundi cherehani na mtu wa reli, hayo ndiyo mapumziko. Baba Siwema aliwahi kuniambia kwamba kule Kaliua wiki nzima anakula peke yake akisikiliza mabehewa, na kwamba watoto wake wanamjua kwa ile mikeka yetu zaidi ya wanavyomjua kwa jina.

Mzee Yohana alipostaafu aliniachia ufunguo na mikeka. Akaniambia nichunge mikeka zaidi, kwa sababu ufunguo unaweza kuchongwa mwingine.

Sasa niseme kuhusu siku ngumu kuliko zote, maana mtazipata na nyinyi. Mwaka mmoja Mama Siwema alikuja na mama mkwe wake, Bibi Havinitishi. Jina hilo alipewa na wazazi waliozika watoto wengine kabla yake. Aliingia uani vizuri, akasalimia, kisha akaona mlango mfupi wa chumba cha nyuma, kile kisicho na dirisha. Akasimama. Nikamletea kiti, akakikataa. Nikaanza kumweleza, akanyanyua mkono.

"Usinieleze, mwanangu," akasema. "Sisi asili yetu ni ng'ambo ya ziwa. Bibi yangu aliletwa na msafara, akalazwa humo. Alikuwa mtoto. Hilo tu ndilo alilotusimulia, mengine alikufa nayo."

Nikaacha kueleza, na nyinyi mwache kueleza mkifika hapo. Nilitandika mkeka mpya katikati ya ua, mbali na ule mlango, nikamletea maji. Alikaa. Wajukuu wakamzunguka, akawasimulia yeye mwenyewe, polepole, sauti ya kawaida kabisa. Wakala. Baada ya chakula akajinyoosha pale mkekani, akavuta kanga usoni, akalala usingizi mzito wa mchana, wajukuu wanampungia nzi. Alipoamka alikaa kitako akaitazama nyumba.

"Leo nimelala hapa kwa hiari yangu," akasema.

Akawa anakuja kila alipoweza. Mimi niliongoza maprofesa katika ile nyumba, niliongoza mabalozi, na sijawahi kuona mtu aliyeijua maana ya kufika pale zaidi kuliko yule bibi aliyelala mkekani. Kama kazi yangu ilikuwa na faida, ni hiyo. Kwa hiyo mtanisamehe ninapofika kwenye sehemu inayofuata nikipandisha sauti.

Siku moja simu ilipigwa kutoka ofisi ya juu, mbali na Tabora. Bwana mmoja mwenye sauti ya haraka alisema wamesikia wageni wameongezeka, akataka kujua wanatoka wapi hasa.

"Wengi ni wa Ng'ambo," nikamjibu.

"Wa ng'ambo kweli?"

"Kabisa. Kila Jumamosi. Tena wanakuja na familia zao."

Nikasikia anamnong'oneza mtu kwa furaha. Nilikuwa naendelea kumtajia Chemchem na Gongoni, lakini alikuwa ameshashukuru na kukata simu. Nilisema kweli, na sitaiomba radhi kweli yangu. Mtu amepewa kusimamia matembezi ya Tabora, hajui kama Tabora kuna mtaa unaitwa Ng'ambo! Akasikia ng'ambo, akaona ndege. Akaona wageni wa majuu wanashuka kila wiki na watoto wao wakiwa na kofia za jua. Na wale wa Ng'ambo halisi walikuwa wanashuka kwenye baiskeli na sufuria ya pilau.

Haukupita muda mrefu akaletwa mwendeshaji, yaani kampuni ya kuendesha biashara ya pale. Meneja wake alikuwa kijana wa Dar es Salaam, mwenye adabu, manukato na haraka. Alitembea uani akipiga picha kwa simu, akasema mandhari ni kali sana ila mikeka inatushusha hadhi. Wageni wa ng'ambo, akasema, hawakai chini. Nilimtazama usoni nijue kama anatania. Nikamweleza ni akina nani hao wageni wa Ng'ambo, nikamwonyesha hata njia ya kwenda kwao. Alicheka sana, akaahidi kuwaeleza wakubwa. Kama aliwaeleza, wakubwa walikuwa wameshanunua viti.

Viti vya plastiki vyeupe vikaja, na miavuli, na mgahawa wa mabati uliopakwa rangi ya udongo ili ufanane na nyumba, kama kwamba nyumba ilikuwa inahitaji pacha. Sahani moja ya chipsi iliuzwa kwa bei ya kuku mzima aliye hai. Mikeka ikafungwa stoo. Mafiga yakafukiwa. Na getini ukawekwa ubao mpya: VYAKULA NA VINYWAJI KUTOKA NJE HAVIRUHUSIWI.

Nilipinga kikaoni. Nilisema kwamba kwetu kumkataza mgeni kuja na chakula ni kumwambia kwamba hukutaka aje. Nikaulizwa kwa upole kama nina mapendekezo ya kibiashara. Nikasema pendekezo langu ni mikeka. Wakaandika kitu, wakapita kwenye ajenda nyingine. Niliagizwa nikague vikapu, nikakataa mbele ya wote, ndipo wakaajiri mlinzi wa kufanya hivyo.

Jumamosi iliyofuata familia ya Siwema ilifika. Baba alikuwa ametoka Kaliua usiku ule, macho mekundu. Bibi Havinitishi alishushwa kwenye bajaji taratibu, ameshika fimbo, siku hizo miguu ilikuwa imeshaanza kumchosha. Mama Siwema alikuwa na sufuria yake kichwani. Nilikuwa uani nikawaona kupitia nguzo za uzio, nikaanza kwenda, lakini mlinzi alikuwa ameshamwambia atue sufuria. Akafungua kanga. Akafunua mfuniko, akachungulia wali wa mtu kama anayetafuta silaha.

"Hiki hakiingii, mama. Mkitaka kula kuna mgahawa."

"Sisi tunakwenda kwa mwenye nyumba," akasema Mama Siwema. "Huko kwenu mtu akija kwenu na chakula mnamrudisha?"

"Ni sheria, mama. Mimi nimetumwa tu."

Mtoto wao wa mwisho alikuwa ameshika nguo ya baba yake. Akauliza kwa sauti, "Baba, tumekosa nini?" Baba Siwema alikuwa anatazama vile viti vyeupe vilivyojaa uani, havina mtu hata mmoja.

Bibi Havinitishi ndiye aliyesema, na hakupaza sauti.

"Bibi yangu aliingizwa humu kwa nguvu. Mimi ninazuiwa kwa nguvu. Hii nyumba ina ugomvi gani na sisi?"

Mlinzi aliinamisha kichwa. Mimi nilishikwa na hasira, na hasira hiyo ninayo ninapoandika hapa. Nilirudi stoo, nikaifungua, nikabeba mikeka yote niliyoweza kuikumbatia. Nilipita nayo getini. Ng'ambo ya uzio kuna ukingo mpana wenye nyasi kando ya barabara. Nikaikung'uta mikeka, nikaitandika hapo, nikamshika Bibi mkono akakaa. Mama Siwema akapakua. Nikala nao, nimevaa sare ya kazi, mchana kweupe, meneja akinitazama kutoka chini ya mwavuli wake.

Familia nyingine zilizorudishwa getini zikaona, zikaja zikakaa. Wiki iliyofuata wakaongezeka. Meneja akamtuma mlinzi awafukuze, mlinzi akarudi akamwambia kwamba pale ni barabara ya watu wote na kwamba, kwa heshima, yeye mwenyewe amepewa sahani. Nilipewa onyo la maandishi kwa kutoa mali ya ofisi nje ya eneo. Nikajibu kwamba mali hiyo ilikuwa inafanya kazi yake.

Lakini msidanganyike mkaona huo ni ushindi. Kando ya barabara hakuna kivuli, hakuna choo, na magari ya mizigo yanawatimulia vumbi kwenye wali. Watoto wanalilia maji. Bibi Havinitishi alikuja hapo mara chache, halafu akasema mgongo hauwezi tena kukaa kwenye mteremko, na sasa haji. Baba Siwema akirudi kutoka Kaliua analala mchana nyumbani, watoto wanaambiwa wasipige kelele. Hayo ndiyo maendeleo tuliyoletewa. Wakubwa bado wanatangaza mapumziko nafuu kwa familia, karibu na nyumbani, na picha ya mwavuli mweupe. Nafuu kwa nani? Karibu na nyumbani kwa nani? Watu walikuwa nayo tayari, waliyajenga wenyewe kwa kuku mmoja na sufuria moja, mkawafungia geti.

Nasema mkawafungia, kwa sababu tangu nistaafu yule mlinzi ameondoka na kazi ya geti mmepewa nyinyi, kwa zamu. Mmeniambia mnaona aibu lakini mnaogopa barua ya onyo. Naielewa hofu yenu, ajira siku hizi siyo ya kuchezea. Mimi yangu ninayo kabatini na mnaweza kuja kuisoma. Haiumi kama mnavyodhani.

Jana nilikwenda Ng'ambo kwa Mama Siwema. Tumekubaliana. Jumamosi tutakuja na bajaji mbili, na Bibi ndani ya mojawapo. Ameshaniambia anataka kulala uani, palepale, na hataki kulala barabarani. Sitaita waandishi, sitapiga kelele, sitataja jina la mkubwa yeyote. Nitatangulia mimi, nina sufuria ya pilau kichwani, nitapiga hodi na nitauliza kama mwenye nyumba yupo. Sijui siku hiyo zamu itakuwa ya nani kati yenu. Yeyote atakayekuwa getini ajiandae kunijibu.